Sampuli ya Damu Iliyoishia na 41

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: huitwa na wenzake Mzee wa Tarakimu. Umri: miaka 38. Kazi: mtunza kanzidata wa hospitali. Makazi: nyumba za watumishi, mlango wa tatu, nyuma ya wodi ya wazazi.

Sikuitwa. Nimekuja kwa miguu yangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 8:00 mchana, niliweka programu mpya kwenye kompyuta za wodi. Kila sampuli ya damu ina namba ya tarakimu kumi na saba. Kanzidata huihifadhi yote, kama namba kamili. Programu niliyoandika mimi huipokea kama namba ya desimali, na aina hiyo hushika kwa uhakika tarakimu kumi na tano tu. Zikizidi, za mwisho inazikadiria, tena kimyakimya. Nilijua hilo tangu chuoni. Lakini niliijaribu kwa namba fupi za majaribio, 1, 2 na 3, nikaona mambo shwari, nikaenda kunywa chai.

Leo tarehe 10, alfajiri, mke wa kaka yangu mkubwa alijifungua mtoto wa kike, akapoteza damu nyingi. Namba ya sampuli yake iliishia na 41. Saa 2:15 asubuhi muuguzi aliifungua, skrini ikaleta iliyoishia na 40, ya mwanamume wa wodi ya mifupa, kundi A. Shemeji ni kundi O. Mfuko wa A ukatolewa stoo, ukatundikwa.

Fundi wa maabara mliyemshikilia hapa kituo cha polisi, ambaye kazini tunamwita Dada Mbishi, ana kawaida ya kulinganisha karatasi ya kila mfuko na kichupa chenyewe cha sampuli. Tangu zije kompyuta hakuna anayemtaka afanye hivyo, na mimi nimemcheka sana. Aliona karatasi inasema A na kichupa cha shemeji ni O, akapanda ngazi mbio, nacho mkononi. Nilikuwa kando ya kitanda.

Muuguzi akasema, "Skrini inasema A, dada."

Akajibu, "Skrini haina damu. Damu ninayo mimi hapa."

Akaufunga mpira wa mfuko kabla damu haijafika mkononi mwa shemeji. Saa 3:00 shemeji aliwekewa mfuko wa O.

Kaka yangu alisikia "hii damu si yake" tu, mengine hayakumwingia. Saa 4:00 alikuja kumshtaki fundi kwamba amechanganya sampuli. Simlaumu, roho ilikuwa juujuu.

Saa 5:30 niliita 41 kwenye programu yangu. Ikaja 40. Nimeibadilisha ipokee namba kama maandishi, na sasa tarakimu zote zinafika.

Namshukuru dada huyu, na sina cha kumlipa. Shemeji yangu sasa hivi ananyonyesha. Tungetegemea umakini wangu, tungekuwa tunachimba kaburi. Mwacheni aende, aliyekosea ni mimi.

Nimesomewa haya yote. Ni maneno yangu na sipunguzi hata moja.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika na kuyasoma saa 7:20 mchana, mlalamikaji akiwepo. Amefuta malalamiko na kumwomba fundi radhi. Fundi ameachiwa saa 7:50. Shahidi ameweka simu na mkanda mezani bila kuambiwa, kama anayeingia mahabusu. Fundi hajaondoka. Amevuta kiti kando yake, anasema atakaa naye mpaka ijulikane kama shahidi ana shtaka la kujibu.