Sahani ya Maman

Jumapili, 6 Julai

Constant ni mwongo! Au ni mjinga. Bado sijachagua.

Amekuja leo baada ya ibada, na tai shingoni, na karatasi tatu alizopiga kwa kompyuta. Mdogo wangu huyu sasa ni mshauri wa askofu Mathieu, basi hata kikombe cha maji anakipokea kama anapewa cheo. Anasema tarehe 26 kanisa litafanya sikukuu ya waanzilishi — wale Wamormoni wa zamani waliovuka Amerika kwa miguu wakivuta mikokoteni, wanawake na watoto ndani ya theluji. Kila mwaka tunasomewa habari zao. Mwaka huu, ati, kila familia ilete mwanzilishi wake yenyewe. Wa kwetu ni nani?

Nikajisemea: Enfin, hatimaye! Maman!

Maman Antoinette, miaka sabini na minne, nyonga imechoka, anaishi na mimi hapa Ubelgiji, Schaerbeek, ghorofa ya tatu bila lifti. Maman aliyeanzisha kanisa sebuleni kwake Kadutu, Bukavu, kabla mmisionari hata mmoja hajaijua njia ya kufika.

Constant akaanza kusoma. "Papa yetu Josias, mwanzilishi." Papa!! Papa ndiye alileta Kitabu cha Mormoni kutoka Nairobi. Papa ndiye alikusanya majirani. Na Maman? Maman "alimusaidia kwa upole". Kwa upole!

Nikamgeukia Maman. Alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa.

Na haijaishia hapo. Jumamosi tarehe 2 Agosti kuna bus ya kwenda hekaluni, kule Uholanzi. Constant ameshamwandikisha Maman kwa scellement — yaani atafungwa na Papa, mume na mke kwa milele yote, hata kama Papa alikufa miaka tisa iliyopita. Constant mwenyewe atapiga magoti kwa nafasi ya Papa. "Famille complète," anasema, yaani familia kamili.

Milele! Na yule mtu!

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 7 Julai

Niko pause ya kupumzika, kazini kwenye nyumba ya wazee, Anderlecht. Wazee wangu wanasinzia. Acha niandike vile ilivyokuwa, maana nikizeeka kama hawa na mimi nitasahau, na itabaki hadithi ya Constant.

Mwaka 2002. Maman alienda Nairobi kununua vitambaa vya kuuza. Akarudi na mabalo mawili ya vitambaa na kitabu kimoja, alichopewa na mwanamke muuza vifungo. Akakisoma mbele ya jiko mpaka maharagi yakaungua. Wiki ya nne akaita majirani. Walikuja wanawake wanane. Papa alipowakuta wanaimba, aliwaacha wamalize, wakatoka, halafu akachukua kitabu akakitia kwenye moto wa makaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeshika ufagio. Constant hakuona kitu, alikuwa mtoto wa miaka mitano, analelewa Walungu kwa bibi yetu.

Maman akaagiza kitabu kingine. Papa akaondoka. Na hakwenda mbali! Bagira, kwa mwanamke mwingine. Kwa miguu unafika.

Maman akanituma nikamwite. Nilimkuta amekaa nje, na singlet, anakata kucha za miguu. Akasema: Ambia mama yako miye nilishakufa. Akaendelea na kucha zake.

Nilirudi nikamwambia Maman sikumkuta. Mpaka leo sijamwambia mtu neno lingine.

Miaka minne, kila Jumapili, wale wanawake walikusanyika. Kuimba, kusoma, kuomba. Lakini mkate wa sakramenti, hapana. Kwetu mkate unabarikiwa na mwanaume aliyepewa ukuhani, na Bukavu yote hatukumjua hata mmoja. Maman alikuwa anaweka mezani sahani yake ya bati, yenye ukingo wa buluu, na kuifunika kitambaa cheupe. Tupu. Siku moja Maman Riziki akasema tuweke tu kipande, nani atajua? Maman akasema apana, tutangoja. Nilikuwa namchukia kwa hiyo sahani. Njaa tulikuwa nayo ya kutosha.

2006 wamisionari wawili wakafika. Papa akasikia kwamba kwa mke wake kuna wageni. Akarudi amevaa koti! Akabatizwa wa kwanza, jina lake ndilo la kwanza katika daftari. Alikaa wiki tatu. Halafu Bagira.

Huyo ndiye mwanzilishi wetu. Pause imeisha, Monsieur wa chumba cha nane anaita.

Jumamosi, 12 Julai

Kofia! Sasa ni kofia!

Wamama wa kanisa wameshona zile za waanzilishi, kubwa, za kufunga chini ya kidevu, kwa mapazia yaliyotoka soko la Gare du Midi. Constant kaleta ya Maman, ina maua. Anasema ukumbini wameshatengeneza mkokoteni, watoto watauvuta kuzunguka viti. Nikamuuliza: sisi watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, tuliopanda Kivu nzima na magunia kichwani, tunahitaji kufundishwa kuvuta mkokoteni na nani? Hakucheka.

Maman akaivaa mbele ya kioo. "Iko muzuri?" ananiuliza.

Nikasema inafanana na abat-jour, kofia ya taa. Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya friji. Sasa najisikia vibaya, na hiyo nayo inanikasirisha.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia Constant simu. Tumepigana dakika arobaini, mimi ndani ya tramu, watu wote wananiangalia. Nilishuka vituo viwili kabla ya nyumbani.

Amesema mimi niliacha kanisa miaka miwili iliyopita, donc ninyamaze. Amesema nina wivu. Amesema nataka kumwua Papa mara ya pili. Hapo nikamfokea: nani alikuhadithia huo upuuzi wa Papa na Nairobi? Nani?

"Maman."

Nikasema unadanganya.

"Maman, Gracieuse! Maman mwenyewe, nikiwa mutoto. Muulize!"

Nilikaa kwenye benchi ya kituo. Tramu tatu zilipita.

Jumatano, 16 Julai

Nimemuuliza. Alikuwa kitandani na chupa ya maji moto kwenye nyonga. Hata hakujaribu kukana.

Anasema: Constant alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Walungu, ana miaka tisa. Akamkuta Papa nyumbani, akamwona anabatizwa, mwenye nguo nyeupe. Wiki tatu alilala na viatu vya Papa karibu na mkeka wake. Papa alipoondoka, mtoto akakataa kula. Siku ya nne Maman akamwambia Papa ameenda kutafuta kazi machimboni Kamituga. Siku ya tano akamwambia Papa ni mtu wa Mungu, ndiye alileta kitabu, ndiye wa kwanza kuamini. Siku ya sita akala.

"Nilimupatia papa," anasema. "Ule mwengine hakukuwako."

Nikasema: Na mimi? Mimi ulinipatia nini?

"Weye ulikuwa mukubwa."

Kumi na miwili! Uliponituma Bagira nilikuwa na kumi na miwili, Maman!! Nilibamiza mlango mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Nimekaa na hasira dhidi ya Constant siku kumi, kumbe nilikosea nyumba. Huyu hapa, nyuma ya ukuta, anakohoa. Na sasa amejifunga mwenyewe. Akisema ukweli, anamwua baba wa mtoto wake. Akinyamaza, anafungwa milele na mtu aliyechoma kitabu chake. Nikamwuliza kupitia mlango: bus utaipanda? Akasema nimpe chai.

Nilimpa chai. Bila sukari.

Jumatatu, 21 Julai

Sikukuu ya Wabelgiji. Kazi hakuna. Ndege za jeshi zinapita juu ya nyumba kwa ajili ya gwaride, Maman amekaa jikoni ameziba masikio. Hizo sauti za vita anazijua, na mimi nazijua. Nilimshika mabega mpaka zikaisha. Halafu nikakumbuka kwamba hatuongei, nikaondoka.

Ijumaa, 25 Julai

Maman anageuza kabati zote. Namwuliza anatafuta nini, anasema sahani. Sahani gani? Ile. Constant anaitaka kesho, aionyeshe watu.

Mungu wangu. Ilikuwa chini ya chungu cha maua dirishani! Mimi mwenyewe niliiweka huko tulipohamia hapa, nikiona imebanduka rangi. Sahani iliyotoka Bukavu ndani ya kitenge, ikavuka Burundi, ikalala kambini miaka mitatu, mimi namwagilia maji machafu juu yake!

Nimeisugua kwa chumvi na ndimu. Duara ya kutu imebaki katikati. Maman akaichukua, akapitisha kidole juu ya kutu, akasema si kitu, hata hivyo haikuwekwaka kitu. Akacheka kidogo. Nikataka kulia, na kumpiga, na kumbusu.

Kesho nitakwenda. Nimebadilishana zamu. Nikisikia "kwa upole" nitasimama kwenye kiti nipige kelele, wajue wote. Naapa.

Jumamosi, 26 Julai

Niko jikoni kwa kanisa. Nimefunga mlango kwa ufunguo. Naandika nyuma ya programu, nitabandika baadaye.

Ilikuwa hivi. Ukumbi umejaa. Mkokoteni umezunguka, watoto wamechoka. Maman kakaa mbele na kofia yake ya mapazia, sahani juu ya magoti, imefunikwa kitambaa cheupe. Constant akashika micro, akasoma. Nairobi — Maman kimya. "Kwa upole" — Maman kimya. Mimi nilishaanza kusimama, naapa nilishaanza! Ndipo Constant akafika mahali ambapo sikuwa nimewahi kusikia, ameongeza mwenyewe jana:

"Na kila Siku ya Mungu Papa Josias alikuwa anabariki mukate, anauweka mu-hii sahani, na bantu banakula."

Askofu Mathieu akainua kichwa. Huyo anajua hesabu: mwaka 2002, ukuhani ulitoka wapi? Lakini Maman alishasimama. Na ile nyonga! Akajivuta mpaka kwenye micro, akafungua kofia, akampa Constant aishike.

"Apana," akasema. "Ile apana. Hii sahani haikuwekwaka mukate hata siku moya. Miaka ine. Tulikuwa na njaa na tulingoja."

Watu wakainua shingo kuiona sahani. Hata watoto.

"Josias hakukuwako. Ni miye nililetaka kitabu. Constant, ni miye nilikudanganya, mutoto yangu, unisamehe. Papa Mathieu, ondoa jina yangu kwa ile bus."

Constant kasimama, kofia mkononi, ile ya maua. Akauliza, na micro bado inawaka, watu wote wakasikia: "Alors Papa alikuwa wapi?"

Maman akasema: "Uliza Gracieuse. Njo yeye nilimutumaka kumuita. Aliniambia hakumukuta." Akanigeukia. "Nilijua alimukuta. Aliingia na sura ya mutu muzima."

Miaka ishirini na mitatu alijua! Akaja akaniwekea sahani mikononi, mbele ya wote, akarudi kukaa.

Na mimi? Mimi niliyetaka kupanda kwenye kiti? Nilikimbia. Nimekimbilia hapa kama mwizi, na sahani chini ya kwapa.

Kule nje wameanza kuimba ili kuziba aibu. Mtu anagonga. Ni Constant.

"Gracieuse, fungua."

Nimebana sahani kifuani.

"Ulimukuta?"

Nimesema ndiyo. Sauti imetoka ndogo.

Naona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango. Nina maneno ya Papa yote, mpaka kucha zake naziona, na wiki tatu hizi nimeyanoa nije kumchoma nayo huyu hapa. Sasa sijui niyaweke wapi.

"Yaya." Hajaniita hivyo, dada mkubwa, tangu alipovaa tai. "Yaya, aliuliza juu yangu?"

Anangoja. Nimeshika ufunguo.