Shemeji Aligonga Mkeka, Sikumwachia

Mshauri wangu, nisaidie kabla sijapasuka, maana nina hasira na mwalimu, nina hasira na mke wangu, na nikijitazama kwenye kioo hasira inazidi. Mimi ni dobi, nina miaka arobaini, na aliyenishawishi kujiunga na darasa la judo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi rangi, yeye ana miaka minne pale. Wiki tano nzima sikufundishwa chochote ila kuanguka, naanguka kulia, naanguka kushoto, naanguka chali, na wa kunirusha ni huyo huyo shemeji, tena tukifika nyumbani ananiigiza mezani ninavyoanguka, wanangu wanacheka mpaka wanapaliwa, nami nameza tu. Juzi ndipo tukafundishwa kubana mkono, mwalimu akasema mwenzako akigonga mkeka unaachia papo hapo, nikaitikia ndiyo mwalimu, nikambana shemeji, akagonga, nikamsikia, sikudanganyi, nikasema moyoni ngoja naye aonje, akagonga tena, bega likalia ko! Sasa mkono umefungwa kifuani, daktari amesema asiuinue miezi miwili, na kazi yake ni kuta na dari. Mke wangu ananiwekea chakula na kuondoka bila neno. Mwalimu naye anasema sikanyagi tena mkeka wake mpaka nimwombe shemeji radhi mbele ya darasa zima, wakiwemo watoto wa miaka tisa! Mimi, mtu mzima na ndevu zangu! Kwa sekunde mbili tu! Hiyo si ajali? Au nihamie ndondi?

Ni mimi, dobi niliyeonewa.

*

Wewe dobi, ajali gani? Umeandika kwa mkono wako kwamba ulimsikia. Usinifanye mtoto.

Kejeli za shemeji ziliuma, nakubali, na kumwigiza mtu mbele ya wanawe ni utovu wa adabu. Ungemwambia pale pale mezani, "Shemeji, inatosha." Hukuthubutu. Ulingoja akukabidhi mkono wake kwa hiari, ndipo ukapata ushujaa. Aibu!

Halafu unalalamikia wiki tano za kuanguka. Hebu hesabu, shemeji amekurusha mara ngapi? Umevunjika nini? Hata ukucha! Kila ulipokwenda chini alikuwa amekushika usijigonge kichwa, nawe hukuona, ulikuwa unahesabu vicheko. Hilo ndilo somo la kwanza la mchezo huo, na wewe umelifeli.

Ndondi usiende. Kule kuna kengele, nayo utajifanya hukuisikia.

Leo ukishazima pasi, nenda kwa shemeji. Neno "ajali" liache mlangoni. Mwambie, "Nilikusikia, na sikukuachia." Kisha umuulize ni ukuta gani aliuacha nusu, ushike brashi, akuelekeze, na akikuambia umepaka vibaya urudie bila kununa. Radhi uiombe mbele ya darasa, hasa mbele ya hao wa miaka tisa, kwa sababu kesho nao watabanana mikono.

Bega likishapona, mwombe mwalimu awapange tena pamoja. Safari hii wewe ndiye utoe mkono. Shemeji aubane, ugonge mkeka. Naamini ataachia. Lakini hapo katikati, kabla hajaachia, utajua sekunde mbili zina urefu gani.