Sauti ya Titus, Saa Moja Kasorobo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimemweka tena leo. Saa moja kasorobo asubuhi, tangazo la dawa ya kuogesha mbuzi. Sekunde thelathini. Kazi yangu ndiyo hiyo — kupanga kwenye kompyuta matangazo ya siku ya redio yetu ya Kikamba, hapa Machakos, lipi litangulie, lipi lifuate — na kila asubuhi kuna mstari umeandikwa TITUS. Titus Ndolo, mtangazaji wetu, tulimzika Novemba. Mwenye dawa alikuwa amelipia mpaka mwisho wa Februari, kwa hivyo marehemu bado yuko kazini.

Mkutano saa nne. Erastus, meneja wetu, hakukaa chini. Ati kampuni za Nairobi zimehamishia matangazo yao kwenye simu. Wanalipa vijana wacheze densi wameshika chupa ya mafuta ya kupikia, na watu laki mbili wanatazama. Nani atangoja redio? Wasomaji wawili wa habari wanaenda nyumbani. Mmoja ni Kalunde, alikuwa ameketi karibu na mimi, anamenya chungwa. Alimenya mpaka likaisha. Hakulila.

Mwaka juzi tulikuwa kumi na wanne. Tumebaki sita.

Jumatano, 5 Februari

Erastus ameniita ofisini, akafunga mlango. Anatabasamu — tangu lini! Kuna kampuni moja ya matangazo ya Nairobi inataka kubaki na sisi. Lakini wanamtaka Titus. Nikasema Titus amekufa. Akasema anajua, ila siku hizi kuna mashine. Unailisha sauti ya mtu, inajifunza, halafu unaiandikia neno lolote na inalisema kwa sauti yake. Wakulima wa huku walimwamini Titus kuliko mtu yeyote. Sauti hiyo ndiyo itatushikilia sisi sita.

"Wewe ndiye ulimrekodi miaka tisa, Ndila. Uko na kila kitu."

Kweli. Niko na kila kitu.

Lakini lazima familia ikubali kwa maandishi. Titus hakuoa. Kuna mama, huko Mwala. Erastus anasema niende mimi, kwa sababu mimi ananijua. Yeye akienda, mama ataona kampuni imekuja.

Ijumaa, 7 Februari

Watu wa Nairobi wanataka dakika ishirini za sauti safi. Bila kikohozi, bila kicheko. Basi nimekaa siku nzima nikikata kikohozi chake. Nikikata kicheko chake. Mahali pamoja anauliza, "Ndila, umekula?" — kipaza sauti kilikuwa kimeachwa wazi. Hiyo pia nimekata.

Sijala.

Jumatatu, 10 Februari

Sauti ya mashine imekuja. Sekunde kumi na tano za kuonja. Titus anataja tarehe ya mwezi huu, mwezi ambao hakuufikia.

Erastus alisikiliza mara tatu. Ni yeye kabisa, akasema, kisha akaenda kusimama dirishani, amenipa mgongo. Alimpenda, najua. Sote tulimpenda.

Lakini havuti pumzi! Titus alivuta pumzi kabla ya kuanza, kama mtu anayetaka kuinua gunia. Huyu anaanza tu. Na Kikamba chake ni cha mtu aliyefundishwa darasani. Hakuna Mwala ndani yake.

Hayo naandika hapa tu. Tuko watu sita, na mmoja ni mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Mwala. Jua, vumbi. Mama yake anaitwa Munyiva lakini mimi humwita Mwaitu, mama, vile Titus alivyomwita. Nilimpata kwenye mchanga wa mto mkavu, upande wa juu wa ukuta unaozuia mchanga na maji yaliyo chini yake, amechimba kisima, anachota maji kwa kata, mbuzi wamemzunguka. Nikamsaidia kubeba. Wathome, mdogo wake Titus, alikuwa nyumbani anapigilia ua wa mbuzi.

Tukanywa chai. Nikaeleza kwa Kikamba, polepole. Habari ya mashine. Habari ya karatasi. Nikasema ni lile tangazo la dawa ya mbuzi, maneno mapya tu. Ndivyo Erastus alivyoniambia, na ndivyo nilivyosema.

Wathome akaweka nyundo chini. Akaniuliza kama nimewahi kuona maiti akitumwa sokoni. Kakake amezikwa na padri, akasema, aachwe alale.

Mwaitu alikuwa ananiangalia mimi.

"Najua amekufa. Nilimwaga mchanga kwa mkono huu. Lakini asubuhi anapita hapa kwenye redio. Mimi nasimama na ndoo mpaka amalize."

Nikamwekea ile sauti mpya kwenye simu. Akainamisha kichwa. Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna kamba ya ndoo, na hakuna aliyemfukuza.

"Huyu anaweza kusema kitu chochote?"

Nikasema chochote kikiandikwa.

Ndipo akanieleza. Kila Jumapili Titus akitoka pale kurudi Machakos, alipiga simu: Mwaitu, nimefika. Maneno mawili, miaka yote. Jumapili ile ya mwisho hakupiga. Alianguka mlangoni mwa nyumba yake ya kupanga, funguo mkononi, na jirani ndiye aliyemwona.

"Nilikaa na simu hapa mapajani, mwanangu. Mpaka leo nimekaa nayo. Sasa mwambie aseme hayo. Mara moja tu. Mimi nitaweka kidole."

Akaweka kidole hata kabla sijajibu. Wino ulitoka kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimekuja nao! Nilikuwa nimejipanga namna hiyo.

Wathome alitoka. Hakuniaga.

Nikiwa kwa stendi nilipiga karatasi picha, nikamtumia Erastus. Akanijibu kwa kidole gumba.

Jumapili, 16 Februari

Sikuenda kanisani. Nimekuja studio mchana, hakuna watu, muziki unajicheza wenyewe. Nimekata shauri: si mashine. Nitamtafuta mwenyewe. Ndani ya miaka tisa lazima kuna mahali alisema "Mwaitu", na mahali alisema "nimefika". Nikiyaunganisha itakuwa sauti yake ya kweli, na pumzi yake ya kweli.

"Mwaitu" nimeipata kwenye tangazo la unga wa uji. "Nimefika" ni siku ya mpira, ameingia uwanjani, anapaza sauti juu ya makelele. Nimeunganisha. Nikasikiliza. Mwaitu — taratibu, laini. NIMEFIKA! — na uwanja mzima unapiga mavuvuzela nyuma yake.

Nililia mpaka mlinzi akabisha mlango kuuliza kama kuna mtu.

Nimefuta.

Jumatano, 19 Februari

Orodha ya matangazo mapya imetoka Nairobi. Yanaanza tarehe moja Machi. Dawa ya mbuzi haimo. Mwenye dawa naye ameenda kwa vijana wa simu. Titus atatangaza mikopo! Ile ya kwenye simu, ya dakika mbili, na ukichelewa kulipa wanapigia mpaka shangazi yako wakikuaibisha. Titus, ambaye mwaka wa 2022 aliacha skripti ya mikopo mezani akatoka studio, akasema hawezi kumwambia mtu wa kwao akope kwa kitu kisicho na uso.

Nilitoa ile karatasi kwenye mkoba. Nikaisoma sasa — sasa! — neno kwa neno. Iko kwa Kiingereza. Inasema tangazo lolote, la bidhaa yoyote, bila mwisho. Ilikuwa imeandikwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mwaitu hajui Kiingereza. Mimi najua.

Nikaenda kwa Erastus. Akasema hakujua itakuwa mikopo. Alikuwa anaangalia kalenda ukutani, si mimi. Kisha akaniuliza nataka nani mwingine aende nyumbani. Nimtajie jina. Anataka karatasi yenyewe Jumatatu asubuhi, ati picha haitoshi.

Alhamisi, 20 Februari

Mwaitu amepiga simu. Anauliza kama maneno yako tayari. Nikasema bado. Akasema hana haraka. Wathome haongei naye tangu Jumamosi, ila chakula anakula.

Jumamosi, 22 Februari

Mwala tena. Naandika nikiwa huku huku, kwenye kigoda, kivuli cha jikoni.

Nilimwambia yote kabla ya chai kumiminwa, nisije nikaishiwa nguvu. Kwamba si dawa ya mbuzi, ni mikopo. Kwamba karatasi nilikuwa naweza kuisoma na sikuisoma. Kwamba maneno yake sikuyaleta. Nilijaribu, yakawa ya uongo, nikayafuta.

Akaweka birika chini. Nikafikiri atanifukuza. Angenifukuza ningeshukuru.

"Ni sawa," akasema. "Ningeyasikia, ningemuuliza amefika wapi. Na hiyo mashine ingenijibu nini?"

Nikafungua mkoba.

Nikampa karatasi. Nikamwambia ni yake, akitaka aipasue, kwa Erastus nitajibu mwenyewe. Akaigeuza huku na huku. Akagusa alama ya kidole chake. Wathome alikuwa amesimama mlangoni.

"Nikipasua, atanyamaza lini?"

"Ijumaa, Mwaitu. Tarehe ishirini na nane."

"Na nisipopasua?"

"Utamsikia kila asubuhi. Lakini atakuwa anawaambia watu wakope."

"Kila asubuhi," akasema.

Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso aliyojifunga kiunoni. Akasema mbuzi wana kiu, nimngojee. Akashika ndoo, akateremka.

Nangoja. Wathome ameniletea sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaiweka karibu na mguu wangu. Akaniuliza, bila kuniangalia, kama nitafutwa kazi. Nikasema huenda. Akasimama kidogo. Akarudi kwa ua wake, lakini nyundo sijaisikia.

Erastus amepiga simu mara nne. Sijachukua.

Saa nzima imepita. Kutoka hapa namwona Mwaitu kule mtoni. Mbuzi walishakunywa wakatoka, wako ng'ambo kwenye vichaka. Yeye bado ameinama. Anachota kata moja, anaimwaga kwenye mchanga, anachota nyingine. Mkono wa kushoto ameushikilia kiunoni, pale kwenye pindo lenye karatasi. Wathome naye amemwona. Ametupa msumari aliokuwa nao, anateremka, na mimi nimesimama, sijui kama nimfuate au niendelee kungoja jibu la Mwaitu.