Hotuba Isiyo na "However"

Jumamosi, Julai 1978

Wameifuta. "However" yangu, pamoja na kila kilichoifuata.

Mwalimu mkuu aliniagiza niandike hotuba ya Kiingereza ya siku ya harambee, kwa kuwa ni mimi peke yangu hapa niliyetoka chuo kikuu. Niliijenga kwa uangalifu: kwanza sifa za shule, kisha "however", kisha ukweli kwamba hatuna tangi, na wanafunzi huchimba maji kwenye mchanga wa mto kabla ya masomo.

Asubuhi mwenyekiti wa shule, Mzee Mutua, alitaka nimfasirie yote kwa Kikamba. Nilipofika kwenye "however" akanisimamisha.

"Hiyo ndiyo 'lakini' ya Kizungu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwalimu, mgeni hapewi lakini. Mgeni hupewa mbuzi. Futa mpaka chini."

Nilimweleza kwamba bila sehemu hiyo hotuba haina maana. Akacheka. "Wewe soma tu. Sauti unayo."

Nikasoma sifa tupu. Mgeni rasmi akatupongeza kwa shule isiyopungukiwa na kitu, akatangaza kwamba tangi alilokuja nalo kwenye lori litawafaa zaidi watu wa Matinyani, wenye shida. Mzee Mutua ndiye aliyeanzisha makofi.

Baadaye mgeni alinishika mkono, akakisifu Kiingereza changu. Tangu nifike hapa nimetamani mtu wa cheo chake aniambie maneno hayo. Nyuma yake wasichana wa Kidato cha Pili walikuwa wamekwisha kubeba madebe, wanaelekea mtoni.