Kisomeo Usikitume

Mtaa wa Mjimwema,
S.L.P. 417,
Songea.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kajetani,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, maana mama alikulea vizuri. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Na Edmund mwanao, bado anasoma au ameshaanza kutuambia kwamba vyuo vimefungwa? Nijibu yote, usichague.

Sisi huku hatujambo, ila baridi ya Juni imeingia na hasira zake. Asubuhi ukungu unashuka kutoka Matogoro, mpaka saa nne geti la jirani halionekani. Shemeji yako Bartholomeo anavaa lile koti la kijivu uliloliacha mwaka 2016 ulipokuja kumzika mama. Anakula nalo, analala nalo mchana, na nikimwambia alivue nilifue anasema atalivua siku utakapokuja. Basi hesabu mwenyewe halijafuliwa miaka mingapi.

Mahindi tumevuna, si haba. Maharage panya wametuwahi kidogo, lakini hatutalala njaa. Barua hii anakuletea Sista Frida, anayekuja huko Ujerumani kwa masomo ya miezi sita. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu yeyote.

Sasa nije kwenye kisomeo.

Kile kifaa cha kusomea vitabu ulichonipa kwenye msiba, ambacho hapa nyumbani tumekiita kisomeo hadi wajukuu wa jirani nao wanakiita hivyo, kimekata roho. Nilikipeleka kwa Swalehe, fundi simu wa pale stendi, akakifungua, akanionyesha betri imevimba. Akasema nisikichaji tena, kinaweza kushika moto. Nilikiona kimelala mezani kwake utumbo nje, nikaona huruma. Miaka tisa, Kajetani. Kuna watu hawakudumu na wake zao kiasi hicho.

Nimeisikiliza ile sauti yako ya dakika kumi na moja uliyonitumia kwenye simu, unanipangia visomeo vipya vitatu nichague. Nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na Bartholomeo, akasinzia kabla hujafika cha pili. Cha kwanza ni kidogo kama kile cha zamani, ila kina taa ndani na vibonye pembeni. Cha pili hakiingii maji hata kikitumbukia kwenye ndoo. Mimi ndoo naijua kwa kuchotea, sijawahi kuisomea. Cha tatu ni kikubwa kama sahani ya ubwabwa, na kina kalamu ya kuandikia pembeni ya ukurasa. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka thelathini na minne, kalamu naomba ipumzike.

Mwalimu Violeth wa nyumba ya pili yeye anashauri ninunuliwe kishikwambi, nitazame na video. Nilishika chake. Kinawaka usoni kama tochi ya askari, na kabla hujamaliza ukurasa, mtu wa jumuiya ameshatuma picha ya maua ya kukutakia asubuhi njema. Nikamrudishia.

Ningekuwa nachagua kwa ajili yangu tu, ningechukua cha kwanza kwa sababu ya vibonye. Baridi hii vidole vyangu vimepasuka, kioo hakivitambui. Jambo dogo, lingeisha hapo. Lakini katika ile sauti yako kuna maneno mawili yaliyoninyima usingizi, na ndiyo yaliyonifanya niandike barua badala ya kukupigia.

La kwanza, ulisema safari hii utanifungulia akaunti yangu mwenyewe, ili kusoma kwako kusiwe kunanivurugia kurasa. Nani alikwambia ulikuwa unanivurugia?

Hebu kumbuka tulipotoka. Baba alipokuwa akijalidi vitabu kule Peramiho, alikuwa anatuletea nakala zilizoharibika. Anakipasua kitabu katikati kwa kisu, anashona kila nusu peke yake, mimi natangulia na nusu ya kwanza, wewe unafuata ukilialia nyuma yangu. Sheria yake unaijua. Aliyetangulia hasimulii. Na sura ya mwisho haisomwi na mtu peke yake. Aliyewahi anamngoja mwenzake, kisha inasomwa kwa sauti, aya yako, aya yangu, baba ametulia na chai yake. Ulikuwa unaruka mistari ili ufike haraka, na baba alikuwa anakurudisha.

Kisomeo hakikubadili sheria. Changu na chako vilikuwa kwenye akaunti yako moja, kitabu kimoja tunakisoma wote, kila mtu kwake. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, ulikuwa unanipigia na tunamaliza kitabu kwenye simu. Nimeviandika vyote nyuma ya mlango wa kabati, viko sitini na viwili.

Sasa nikuambie siri ambayo sijamwambia hata Bartholomeo. Kila nikikiwasha, kisomeo kilikuwa kinaniuliza kama nataka kwenda mpaka pale Kajetani alipofika. Nilikuwa nakataa, lakini namba naiangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yako ya asubuhi kwangu. Nikiona umesogea kurasa thelathini, najua jana ulitoka kazini mapema, ukala, ukakaa kitako. Umesogea mbili, najua ulisinzia na viatu miguuni. Siku zilizopita bila simu yako hazikuniumiza sana, kwa sababu nilikuwa najua uko wapi. Ndugu yangu, nimekukosa miaka tisa, lakini nilikuwa nakuona. Leo unataka kunifungulia akaunti yangu nikae humo peke yangu kama mtu aliyefungiwa chumba cha wageni. Sitaki.

Na kwa sababu nilikuwa nakuona, nimeona.

Hiki kitabu cha yule mjane mwenye kiwanda cha matofali tulikianza Februari. Wewe ulisimama asilimia thelathini na nane, wiki ya pili ya Kwaresima. Siku betri ilipovimba, mwishoni mwa Mei, ulikuwa hapo hapo. Mimi niko mlangoni mwa sura ya mwisho tangu Pasaka, nakungoja. Nikikuuliza unasema kazi nyingi.

Kile cha kabla yake, mwezi wa kwanza, uliniomba nisome sura ya mwisho yote peke yangu, eti una kikohozi. Tulizungumza saa nzima baadaye, hukukohoa hata mara moja. Na wewe, uliyekuwa unanisahihisha mkato na nukta kwenye ujumbe wa simu, mimi mwalimu mzima, tangu mwaka uanze hujaniandikia neno. Ni sauti tu, sauti tu.

Neno la pili ni lile ulilolisema mwishoni, ukiwa umeshusha sauti, kwamba kile kikubwa ni chako mwenyewe na kimetumika kidogo.

"Chukua hiki changu, dada. Mimi siku hizi sina muda wa kusoma."

Wewe, Kajetani? Uliyefukuzwa kwenye mstari wa uji kwa sababu ulikuwa unasoma ukasahau kusogea? Mtu hawezi kunidanganya hivyo nikanyamaza.

Mama alifanya hivyo hivyo. Kila Jumapili, kwa miaka miwili, alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo kanisani, anafunua kurasa wenzake wanapofunua, anaimba. Hatukujua kitu. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Mpaka Krismasi ile kwaya ilipogawa vitabu vipya, akakipokea, akakifungua juu chini, akaimba maneno ya zamani kwa sauti yake yote. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono ukakigeuza polepole mikononi mwake, bila kumwambia mtu. Nilikuwa nyuma yenu, nilikuona. Tulipofika nyumbani tukamuuliza kwa nini alificha.

"Sikutaka mnihurumie," alisema.

Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba angewahi miaka miwili nyuma, dawa ya matone ingelinda kile alichobakiwa nacho. Akasema pia ugonjwa huu hufuata damu, watoto wote tupimwe. Mimi napimwa kila mwaka. Wewe kila nikikuuliza, unasema utapimwa. Unashinda hospitalini unatengeneza vitanda vya wagonjwa, na chumba cha macho kiko ghorofa gani, mlongo wangu? Sasa nakuuliza kama dada yako, bila kuzunguka: unaona?

Kama huoni vizuri, sitakuhurumia. Nimekasirika mno kuweza kukuhurumia. Wiki hii nenda ukapimwe, hata kama utakuta nimekuzulia. Huko uliko ndiko kuliko na madaktari na mashine, na kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa. Usipoteze hata siku moja kwa ajili ya aibu. Aibu ilimmaliza mama kabla ya ugonjwa.

Kuhusu kisomeo, nimeshachagua. Nataka cha tatu, kile kikubwa, kile chako. Lakini usikitume kwa Sista Frida, wala kwa posta, wala kwa mtu yeyote. Kilete mwenyewe. Akaunti iache ilivyo. Madaktari wakishakuandikia dawa, omba likizo uje, japo wiki tatu. Herufi tutazikuza mpaka neno moja lijaze kioo kama itabidi, na hilo likishindikana nitakusomea mimi. Tutaanzia pale asilimia thelathini na nane, sina haraka. Chumba chako kipo, dirisha linatazama mihogo sasa, ule mti wa parachichi ulianguka. Nimekukumbuka, Kajetani. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Msalimie sana Edmund, mwambie shangazi yake anasubiri kusikia sauti yake, hata ile ya kuomba samahani kwa kutonipigia. Bartholomeo anakusalimu na koti lake. Violeth anakusalimu. Swalehe naye, ambaye hamjawahi kuonana, amesema nikufikishie salamu kwa sababu amenisikia nikikutaja tangu anafungua kile kifaa mpaka anakifunga. Mungu akulinde kuingia kwako na kutoka kwako, na mama huko aliko akuombee macho.

Bila shaka umeona kwamba nimeandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za ubaoni. Karatasi kumi na nne. Shemeji yako anadhani nimechanganyikiwa. Kama umefika hapa kwa macho yako mwenyewe, nipigie uniambie nimekosea, nami nitakuomba radhi kwa furaha. Na kama ni Edmund anayekusomea, basi Edmund, baba, acha kusoma sasa. Nipigie wewe, kabla hajakukataza.

Dada yako akupendaye na akungojaye,
Kunegunda