Uso Niliomwazima Pacha Wangu

Jumatano, 6 Machi

Pacha wangu kapata akaunti ya benki leo. Ana wiki sita tu nchi hii! Mimi nina mwaka na nusu, na benki mbili zimenikataa – eti sina historia ya mkopo. Sijakopa hata sindano, kumbe ni kosa! Benki hii mpya ni ya kwenye simu: pasipoti, barua ya kazi, halafu unageuza uso mbele ya kamera, kushoto, kulia. Yeye jino limemvimbisha shavu, simu ikamkataa mara tatu. “Dada, nisimamie basi.” (Nimemzidi dakika kumi. Naitwa dada akiwa na shida tu.) Nikakaa mimi. Mbona shuleni nilimfanyia hata mtihani wa hesabu? Ikakubali papo hapo. Na yangu ningeomba leo leo, ila pasipoti iko ubalozini inabadilishwa.

Ijumaa, 8 Machi

Kadi yake imefika. Anajipepea nayo tangu asubuhi. Nina wivu – naandika wazi, nani atasoma? Siku zote kinachonitoa jasho mimi, yeye anakiokota njiani.

Tena leo msimamizi wetu, pale tunapofua mashuka ya hospitali, kasema ajira ya kudumu ni moja. Namba ya akaunti ipelekwe kabla ya Jumanne saa kumi jioni. Tukiwa nazo wote, kazi ni yangu, niliyetangulia. Nisipokuwa nayo, ni yake, na mkataba wangu ndio unaishia hapo. Pacha kasema hongera mapema. Mdomo tu.

Jumatatu, 11 Machi

Pasipoti imetoka! Nikaomba akaunti nikiwa bado kwenye ngazi za ubalozi. Kushoto, kulia. Jibu: uso huu una akaunti tayari.

Uso WANGU!

Nikamwambia pacha. Kacheka mpaka kashika mbavu. Kisha kaona mbali. Kasema nisiwaambie benki chochote, wataifunga ya kwake. Eti mimi nina uzoefu, sitakosa kazi kwingine. Uzoefu! Nimeosha vyombo kwa kelele, sahani moja imepasuka. Ya kwake.

Jumanne, 12 Machi

Saa tisa na robo. Pacha yuko bafuni, anaimba. Namba yake keshaipeleka tangu jana.

Benki wamepiga. Mama mmoja, sauti ya upole. Kaona ombi langu, kaona na lile la Jumatano. Kauliza: kuna mtu katumia uso wangu bila ruhusa yangu? Kama ndivyo, niseme tu – ile anaifunga sasa hivi, yangu anaifungua hapo hapo. Kama niliruhusu, basi wote wawili tumekosa: ile inafungwa na yangu haifunguki.

Bila ruhusa. Maneno mawili tu.

Nimemwambia subiri kidogo mama, natafuta kalamu.

Anasubiri. Namsikia anapumua. Kalamu ninayo, ndiyo hii ninayoandikia.