Kiti cha Kushoto

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha visa vyake. Nisalimie wifi sana. Mwambie bado naisubiri ile hadithi aliyoiacha katikati. Mimi sijambo. Goti la kulia, lile la kukanyagia mafuta, linanisumbua kidogo, lakini miaka ishirini na minne ya kuendesha gari la wagonjwa haiwezi kupita hivihivi. Sasa nafundisha udereva, na wanafunzi wangu wananizeesha kuliko wagonjwa wote walivyoweza.

Barua yako niliipata Jumatano. Nilicheka peke yangu ulivyoeleza namna ulivyopaka rangi sakafu ukajikuta umebanwa pembeni mpaka wifi alipokuletea ubao. Kisha nikafika kwa binti yako. Unasema ameomba kujifunza udereva apate ile kazi ya kusambaza dawa, nawe umemkataza, kwa kuwa amekuchukua wewe, mikono mizito, na kasi yote ya ukoo niliizoa mimi. Umeandika kwa utani, nakujua. Lakini umesema pia kwamba mtoto amenuna wiki nzima, na fomu inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo kicheko kikaniisha.

Tena jambo lenyewe lilikuwa limeshanikaa moyoni tangu Jumamosi, nilipompeleka mjukuu kwenye ukumbi wa gemu. Huko nyuma kabisa nikaikuta mashine ya magari, ya viti viwili, kama yetu. Usukani umechubuka vilevile, na yule mtangazaji bado anahesabu tatu, mbili, moja kama mtu aliyebanwa vidole na mlango. Nikakaa. Mjukuu akanishinda vibaya, na hilo naomba lisitoke humu baruani.

Nilimkumbuka mama akipiga deki ule ukumbi wa utoto wetu kila Jumamosi asubuhi, kabla haujafunguliwa, na mwenye ukumbi akituwashia mashine ili tusimkanyagie sakafu mbichi. Nikaikumbuka harufu ya sabuni, na ile barabara ya kwenye kioo yenye bahari upande mmoja. Kiti cha kushoto kilikuwa chako. Ulijichagulia mwenyewe siku ya kwanza kwa kuwa ndiwe mkubwa, na nyumbani kwetu mkubwa akishachagua, yamekwisha. Ukakaa hapo miaka mitatu, na miaka mitatu nikakushinda.

Kaka, hili nimelibeba muda mrefu, na naona haya kuliandika.

Unakumbuka ulipougua matubwitubwi, mashavu yakajaa? Jumamosi ile nilikwenda na mama bila wewe, nikaona nikuibie kiti. Gari likagoma. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho, na kwenye njia iliyonyooka bado likawa linajikokota. Nikainama nikachungulia. Chini ya pedali kulikuwa na kizibo cha soda, kimejibana, pedali haifiki chini. Nikakitoa kwa kijiko cha mama cha kukwangulia uchafu. Nikacheza tena, gari likaruka.

Halafu nikakirudisha palepale.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuna kitu kingine nilichowahi kukushinda. Shuleni ulikuwa mbele, nyumbani ulikuwa mbele. Nilijiambia nitakitoa wiki inayofuata, na wiki hiyo haikufika. Mjomba alipokuja kutafuta mmoja wetu wa kumfundisha kazi ya udereva, ulimjibu kwamba wewe ni mzito, angoje nifike umri. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Nilinyamaza, nikaichukua nafasi yako, nikaila miaka yote hii, huku ukinitambulisha kwa watu kwa fahari mpaka nikawa natafuta pa kuficha uso.

Sasa nikwambie kama mwalimu. Miaka mitatu ulinifuata nyuma kwa sekunde mbili tu, na pedali yako haifiki chini. Ulikuwa unazifidia zote kwenye kona. Nimefundisha watu wengi mno, na sijaona mwingine wa kukata kona kama wewe. Nisamehe ukiweza, ukishindwa, nitaelewa, sitakulaumu. Lakini usimnyime mtoto kwa kosa langu. Kama kweli amekuchukua wewe, mpe kalamu leo hii aijaze fomu.

Wabusu watoto wote. Mwambie huyo binti, mkubwa wao, nitamfundisha mwenyewe akikubali, ila kwanza umsomee barua hii yote, ajue shangazi yake ni mtu wa namna gani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuogopa leo kuliko siku zote.